Rangi Kabla ya Misa

Nuala Tuohy aliinusa rangi kabla hata hajaufunga mlango wa mbele. Alisimama ukumbini mwa nyumba ya Kilvarna, mkoba wa safari ungali begani, akavuta pumzi tena kwa kuhakikisha. Ilikuwa rangi, tena mbichi.

"Hawawezi," alijiambia. "Si baada ya yote niliyowaambia."

Kumbe waliweza. Mtu akitaka kukuchoma roho hahitaji muda mrefu, na Nuala alikuwa amewaachia siku kadhaa za bure, alipokwenda Limerick kumwona dada yake aliyejifungua. Aliuangusha mkoba, akaisukuma milango miwili ya sebule kubwa, akainua macho.

Dari yote ilikuwa nyeupe. Si weupe wa chokaa ya zamani, ule unaotulia machoni. Huu ulikuwa weupe wa kopo, uking'aa kama sinia la hospitali. Kwenye dari hiyo, kwa zaidi ya miaka mia mbili, waliishi ndege wa plasta: tai, njiwa, korongo na ndege wadogo wa bustanini, wote wamefinyangwa kwa mkono, shingo zimetokeza hata ungedhani wataruka watokee dirishani. Vizazi na vizazi vya chokaa vilikuwa vimewazika wakabaki mabonge tu, na Nuala ndiye fundi aliyeitwa kuwafukua. Majira yote ya baridi alilala chali juu ya jukwaa la mbao, kisu chembamba mkononi, akiondoa chokaa tabaka kwa tabaka mpaka unyoya ukaonekana, kisha jicho, kisha kaulimi ndani ya mdomo. Sasa macho yale yalikuwa yamezibwa. Rangi ilikuwa imejaa kwenye manyoya na kutuama midomoni, na kwenye kucha za tai matone yalikuwa bado hayajakauka.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele, wenye nyumba wangepata la kusema. Aliita tu, kwa sauti iliyofika mpaka zizini.

"Malachy."

Malachy Geraghty alikuja na mabuti yake ya zizini, kofia mkononi, mwanamume mrefu wa mabega mapana na masikio yanayoiva akiona haya. Ndiye mwenye Kilvarna na mashamba yake, na ndiye aliyempa Nuala pete siku ya mwaka mpya. Pete hiyo mpaka leo Nuala alikuwa akiivaa shingoni kwa kamba, ndani ya sweta, kwa sababu mama yake Malachy hakutaka kuiona kidoleni.

"Umerudi mapema, mpenzi."

"Usiniite mpenzi. Nani kafanya hivi?"

Malachy aliiangalia dari, kisha akayaangalia mabuti yake. "Kesho ni misa."

"Sikukuuliza kesho ni nini."

Lakini jibu lilikuwa hapo hapo, na Nuala alilijua. Katika mkoa huu wa Roscommon misa huwajia watu majumbani kwa zamu: padri anaisoma sebuleni kwako, majirani wote wanahudhuria, halafu mnakunywa chai. Na zamu ikikufikia, unapaka rangi. Hakuna anayeuliza kwa nini. Hupakwa milango, hupakwa geti, hupakwa mpaka banda la kuku ambalo padri hatalikanyaga maisha yake yote, maana wanaokuja kusali ni wachache kuliko wanaokuja kukagua. Nuala alikulia katika desturi hiyo hiyo. Mwenyewe aliwahi kushikishwa brashi na mama yake akiwa mdogo. Ndiyo maana kabla hajaondoka alimshika Malachy mikono yote miwili akamwambia, pakeni mnachotaka, dari msiiguse. Na Malachy akaapa.

"Ilikuwa nusu nyeupe, nusu kijivu," Malachy alisema. "Kama ng'ombe mwenye upele. Watu wangesema."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikapaka."

"Wewe?"

"Mimi, Nuala. Nikasirikie mimi."

"Hilo huhitaji kuniomba." Nuala alimsogelea, na Malachy, kwa ukubwa wake wote, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa meko ya marumaru. "Wewe uliapa. Ulinishika mikono hii ukaniapia. Huyo tai nimekaa naye mwezi mzima. Nimekohoa vumbi lake, nimelia baridi chini ya mbawa zake. Nilipolifungua jicho lake nilikuita wewe kwanza, sikumwita mtu mwingine. Ukasimama hapo hapo chini, umejaa machozi, ukasema ni kama nimekufungua wewe. Uliyasema hayo au hukuyasema?"

"Niliyasema."

"Basi ulikuwa unanidanganya. Mwanamume anayelia mchana kwa ajili ya ndege hamzibi macho kesho yake kwa rola. Mimi jioni zote niko huko juu, wewe uko hapa chini, unanipandishia chai kwenye ndoo kwa kamba, mkate na siagi kwa kamba, mpaka busu unalipuliza kwenye kamba, nami mjinga nacheka, kumbe..."

Macho yake yalikuwa yameiangukia ile ndoo ndogo, bado imefungwa kwenye kamba yake chini ya jukwaa. Kwa kamba, siku zote. Alimtazama Malachy upya, polepole, toka kwenye mabuti mpaka kwenye nywele. Hapakuwa na hata tone moja la rangi juu yake.

"Panda ngazi," alisema.

"Nini?"

"Panda. Nionyeshe ulisimama wapi ulipompaka tai."

Malachy aliishika ngazi ya jukwaa. Akapanda kipago cha kwanza, akapanda cha pili, na hapo vidole vikakakamaa na uso ukamgeuka rangi ya maziwa yaliyochachuka. Akashuka.

"Taa ya ukumbini ikiungua unamwita jirani akubadilishie," Nuala alisema. "Unaogopa kupanda juu tangu utoto. Dari hii hujaipaka wewe."

"Nuala, ziache hizo habari."

"Umeona afadhali nikuchukie wewe."

"Nimeona afadhali unichukie mimi kuliko umchukie mama. Mimi utanisamehe."

"Nani kakwambia?"

Alimpenda, hilo ndilo lililozidi kumkera. Hata hapo, akiwa na hasira za kumpasua, alitamani kumfuta lile jasho lililomtoka usoni kwa kupanda vipago viwili. Akaikunja mikono kifuani ili isimfanyie ujinga.

"Mwache mwanangu," ilisema sauti mlangoni. "Niliyepaka ni mimi."

Bi Concepta Geraghty alikuwa ameshika sinia la vikombe vya sherehe, vile vinavyoteremshwa kabatini kwa padri na kwa msiba tu. Alikuwa mjane mwembamba wa miaka sabini kasoro, mwanamke wa kuzalisha ng'ombe kwa mikono yake mwenyewe, na unyusi wake mmoja ulikuwa mweupe kwa rangi. Aliliweka sinia mezani bila kikombe kimoja kugongana na mwenzake.

"Peke yangu," aliendelea. "Jana mpaka usiku, na leo asubuhi. Na kama una la kusema, niambie mimi, usimbanebane mtoto wa watu mekoni."

"Mtoto wa watu ana miaka thelathini na minane, Bi Concepta."

"Nina hakika umemhesabia. Na wewe je, umejihesabia?"

"Mama," alisema Malachy.

"Nyamaza. Kataka maneno, apate maneno." Bi Concepta alivua aproni yake iliyojaa rangi, akaitupa juu ya kiti. "Binti, unajua wanatuitaje hapa? Kuku wa kanisani, walioingia pasipo pao. Tangu babu yake huyu alipoinunua nyumba hii kwa mabwana walioondoka, akamwaga shayiri humu sebuleni kwa sababu hakuwa na ghala, tunaitwa kuku wa kanisani. Nimeolewa humu miaka arobaini. Nimesugua, nimepaka, nimeshona mapazia kwa mashuka, ili siku moja jirani yetu Peg Scally aketi kwenye kile kiti pale akose la kusema. Zamu imetufikia. Wewe umekwenda zako umeniachia dari yenye upele na jukwaa katikati ya nyumba. Ulitaka nifanyeje? Nimwambie padri asitazame juu?"

"Ndiyo. Ungemwambia hivyo. Au ungemwambia atazame aone. Watu watatoka Dublin kuja kuwaona ndege hawa."

"Watu wa Dublin hawanywi chai kwangu. Peg Scally anakunywa."

"Nilikuomba, Bi Concepta. Nilikuja jikoni kwako, nikakuomba kwa heshima zote."

"Uliniomba kama fundi anavyomwomba mwenye nyumba. Nami kama mwenye nyumba nikaamua. Na kesho, wakiuliza wewe ni nani, utakuwa fundi wa dari. Ndivyo tulivyokubaliana."

Nuala aligeuka taratibu.

"Mmekubaliana nani na nani?"

Malachy aliinamisha kichwa. Masikio yalimwiva mpaka shingoni.

"Uliniambia kesho baada ya misa utasimama uwatangazie," Nuala alisema. "Watu wakiwa na vikombe mkononi. Ulinionyesha mpaka mahali utakaposimama, Malachy."

"Tungengoja kidogo tu. Misa ipite. Mama alikuwa hali wala halali."

"Kwa hiyo mlipokuwa mnapaka, mlinipaka na mimi."

"Si hivyo."

"Ni hivyo hivyo. Nyumba hii kila kitu kinafunikwa. Ndege wanafunikwa, mimi nafunikwa ndani ya sweta, yeye anafunika aibu ya shayiri iliyomwagwa kabla hajazaliwa, na wewe unamfunikia yeye. Mficha uchi hazai, Malachy. Mtafunikana humu mpaka mfe, na Peg Scally atakuja kunywa chai ya matanga."

Malachy alikuwa kama mtu aliyepigwa kibao, na Nuala hakumwonea huruma, au alimwonea akaikataa.

Aliisogelea ngazi, akapanda mpaka juu kwa miguu iliyozoea, akagusa ubawa wa tai kwa kidole. Rangi ilisogea kidogo kama ngozi ya uji. Akabonyeza tena, akashuka, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Haijashika sawasawa. Ni rangi ya maji. Tukianza sasa hivi, kwa maji ya moto na sponji, itatoka. Ikilala na leo, imekwenda nao. Kuiondoa ikishakauka ni kuondoa na manyoya."

"Sasa hivi?" Bi Concepta aliushika ukingo wa meza. "Misa ni kesho asubuhi. Maji yatachuruzika mpaka sakafuni. Zulia limekwisha tandikwa. Padri Tynan asome misa chini ya dari inayovuja, kwenye dimbwi, huku jukwaa limesimama kama mti wa kunyongea watu?"

"Ndiyo."

"Katika nyumba yangu, hapana."

"Basi hapana." Nuala aliingiza mkono ndani ya sweta, akaivuta ile kamba ya shingoni, akaivulia kichwani. Pete ilining'inia hapo mbele ya wote watatu, pete ndogo ya bibi yake Malachy, yenye jiwe moja la kijani. "Mikono ninayo, na naweza kuwaosha peke yangu mpaka alfajiri, atakayenizuia simwoni. Lakini nikiwaosha peke yangu, nikimaliza nitafunga mkoba wangu. Nimechoka kuwa peke yangu huko juu huku wewe ukinipulizia mabusu kwenye kamba. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, Malachy. Mimi wangu ninao."

Akaidondosha pete ndani ya ile ndoo ya chai. Ililia mara moja tu.

Malachy aliitazama ndoo, akamtazama mama yake. Bi Concepta alisimama wima, kidevu juu, na aliposema alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha shinda mara nyingi.

"Ukipanda ngazi hiyo, mwanangu, kesho hakuna misa katika nyumba hii. Nitampigia padri simu, nimwambie aende kwa Peg Scally."

"Mpigie, mama," Malachy alisema.

Alikwenda jikoni, wakasikia maji yakimiminwa, akarudi na ndoo kubwa inayofuka moshi na sponji ya kuoshea gari. Alivua mabuti. Alivua koti. Akaishika ngazi.

Kipago cha pili kilimgomea kama mwanzo. Alisimama hapo, paji la uso limegusa ngazi, na pumzi zake zikasikika sebule nzima. Nuala alijiapiza kwamba hatasogea. Akasogea. Aliikamata ngazi kwa mikono yote miwili, karibu na miguu ya Malachy iliyovaa soksi zilizotoboka kisigino, akaikaza.

"Usitazame chini."

"Sitazami chini. Nakutazama wewe."

"Mimi niko chini, wewe mtu. Tazama ndege."

Akapanda. Sitasema alipanda kishujaa. Alipanda kama ng'ombe anayepandishwa lori, huku akimtaja Mungu na watakatifu kwa majina. Alipofika juu alilala kifudifudi kwenye mbao, kisha akajigeuza chali kidogo kidogo, na Nuala akampandishia maji kwa kamba ya pili, naye akayapokea.

Bi Concepta aliondoka. Mlango wa jikoni ukagongwa nyuma yake, na vikombe vyote vya padri vikaitikia.

"Anza na yule mdogo, wa karibu na dirisha," Nuala aliamuru. "Usisugue. Kandamiza, ngoja, halafu futa kuelekea mkiani. Hapana, mkiani. Huo ni mguu."

"Kila kitu ni cheupe, nitajuaje?"

"Ungejua kama ungekuwa umepanda hata siku moja."

"Endelea kunitukana, inanisaidia."

"Sijaanza."

Maji meupe yalianza kuchuruzika. Yaliyapita mashavu ya Malachy, yakamwingia masikioni, yakadondoka juu ya zulia la misa, puu, puu. Nuala alikuwa chini, shingo imemkaza, bado hasira zimemjaa tele. Lakini ubawa ulijitokeza, wa kijivu laini, unyoya juu ya unyoya, na mwanamume aliyekuwa anatetemeka mwili mzima alikuwa na mkono mtulivu pale tu ulipomgusa ndege. Nuala aliliona hilo. Alilazimika kuangalia pembeni.

"Nuala. Huyu hana mdomo. Nimemvunja?"

"Hujamvunja. Nilimkuta hivyo. Kila niliyemuuliza kaniambia ni unyevu."

Huko juu sponji ikasimama ghafla.

"Malachy?"

"Si unyevu," ilisema sauti nyuma yake.

Bi Concepta alikuwa amerudi. Mkono mmoja ulishika birika kubwa la maji ya moto, aliloliweka sakafuni kwa kishindo. Mkono wa pili ulikuwa umefumbata kikombe kikuukuu kisicho na mkono. Macho yake yalikuwa mekundu, na ole wake mtu ambaye angethubutu kuyataja.

"Ni mpira wake," alisema. "Alikuwa na miaka tisa, anacheza magongo ndani ya nyumba kwa sababu ya mvua. Baba yake angemchuna ngozi. Nikasema ni unyevu, na mpaka anakufa aliamini ni unyevu."

"Uliniambia umeutupa, mama," Malachy alisema toka juu.

"Kinachovunjika katika nyumba hii mimi sikitupi." Aliingiza vidole kikombeni akautoa mdomo mdogo wa plasta, mzima, wa rangi ile ya zamani ambayo hakuna kopo linaloiuza. Hakumpa Nuala mkononi. Aliinamia ile ndoo ya chai auweke humo, na hapo mkono ukasita.

Akaitoa pete. Akaifungua kwenye kamba yake, akaipangusa kwa shati lake, upande mmoja, upande wa pili.

"Sijampigia padri," alisema. "Na nisieleweke vibaya, nimekasirika, na kesho nitakuwa nimekasirika, na zulia langu utalilipia kwa kulisugua na mikono yako. Peg Scally akiuliza kwa nini dari inavuja, utamjibu wewe. Mimi nitakuwa namimina chai."

"Nitamjibu," Nuala alisema. "Na mimi bado nimekasirika."

"Ndivyo inavyotakiwa. Lete mkono."

Nuala alibaki amesimama, kwani hakuwa na hakika amesikia sawasawa. Bi Concepta mwenyewe aliukamata mkono wa Nuala, bila upole wowote, akaisukuma pete mpaka mwisho wa kidole.

"Shingoni," alisema, "Peg Scally hataiona."